Gogo Kwenye Njia ya Jeddah

Nilipokuwa Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mzazi wa bosi. Yeye nilimwita Hajja, mwanawe nilimwita Baba. Mdogo wangu alikuwa Jeddah. Alimtoroka kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini nchini, akaugua, na mama mmoja wa Kizanzibari, mkaazi wa Hindawiyah, akampa godoro chumbani mwake. Siku moja mama huyo alinipigia simu.

"Njoo, mwanangu. Usingoje mwezi uishe. Hali yake si nzuri."

Kikwazo kilikuwa ikama, yaani kadi ya ukaazi, ambayo askari huidai njiani. Anayeihuisha ni kafili, si wewe. Yangu ilikuwa imeisha muda, na kila nilipomkumbusha Baba alisema kesho. Wewe unayejiandaa kwenda huko, uliza kuhusu kadi yako mara kwa mara. Kuuliza si utovu wa adabu.

Hajja aliponikuta nikilia jikoni, hakutaja kadi. Alisema, "Funga nguo zangu. Tunakwenda Umra, kisha Jeddah, na utakaa nami nyuma." Baba alinung'unika, kisha akasema askari hawapekui gari la familia.

Njiani Hajja alinisimulia habari za barabara ile, polepole, ili Kiarabu changu kimfuate. Kabla ya lami ilikuwa njia ya ngamia, ikipita katikati ya malisho na visima. Baba mzazi wa Hajja alilaza gogo la mkwaju wa jangwani mbele ya kisima chao. Msafiri alitoa samli au kitambaa, gogo likaondolewa. Lakini ushuru ule haukununua njia tu. Ulinunua mtu: kijana mmoja wa kabila alipanda na msafara hadi kwenye gogo la watu wengine. Aliyeketi na mtu wao hakuguswa. Wakimgusa, kabila zima la kijana yule limevunjiwa heshima.

"Leo mtu wako ni mimi," alisema, akanipigapiga goti.

Nikamwamini. Nilitaka mno kumwamini.

Adhuhuri tukafika kwenye kizuizi cha polisi. Askari alichungulia nyuma, akanyoosha mkono. Nikampa kadi.

"Imekwisha hii."

"Yuko nami," Hajja akasema. "Mimi dhamana yake. Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa serikali, mama," askari akamjibu, akicheka kidogo. Kisha akamgeukia Baba. "Mrudishe ukamhuishie kadi, au nimshushe hapa. Chagua."

Hajja akamtajia baba yake mwenyewe, babu yake, na kisima. Askari alimsikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akarudia maneno yale yale. Baba akageuza gari.

Hajja alijifunika uso kwa mtandio. Baadaye, bila kunitazama, akanipa simu yake. Nilipiga Hindawiyah, na yule mama akaiweka sikioni mwa mdogo wangu.

"Dada, mmefika wapi?"

Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini alikuwa anatabasamu, nilisikia. Nje, vibao vya Riyadh vilikuwa vinapita.

"Tuko njiani," nikamwambia. "Lala kidogo. Ukiamka nitakuwa nimekaribia."

Akaniambia tusikimbize gari, atangoja. Alifariki kabla ya magharibi, nasi bado tulikuwa barabarani.