Tenga Lililopinduliwa Ukutani

Nilipokuwa mdogo kule Mtinko kulikuwa na josho la ng'ombe, na bwana mifugo mmoja mwenye baiskeli mpya. Ilikuwa na kengele mbili, ya pili mpaka leo sijui ilikuwa ya nini. Siku moja akaona ng'ombe wanatoka joshoni ovyo, akafunga lango la kutokea, huku nyuma wengine bado wanaingizwa kwa fimbo. Wakabanana, wakapandiana, uzio wa upande mmoja ukalala, na baiskeli aliyoiegemeza hapo ikawa kama mkeka. Baba hakumpiga ng'ombe hata mmoja. Alifungua lango, akasogea pembeni, akavuta ugoro wake. Waliobaki wakatoka wanatembea, wakaenda zao kula majani. Shule mimi niliishia darasa la tatu, lakini somo hilo nililishika.

Sasa twende Singida mjini, maana ndiko nilikokuwa naelekea. Nimeuza kuku sokoni pale mpaka mvi zimeota. Pahali pangu palikuwa ukutani, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ukuta ule, ikishafika saa sita, unatoa kivuli mpaka jua lizame, na kuku wa kwenye tenga asipopata kivuli hafiki jioni. Jirani yangu alikaa juani, akawa anazika kuku karibu kila siku, na mimi nilikuwa namcheka. Ndivyo nilivyokuwa. Pahali pale palikuwa ndiyo kazi yangu yote.

Wauza kuku tuna desturi yetu. Jioni ukiondoka unaacha tenga tupu, limepinduliwa, pale unapokaa. Tenga likipinduliwa ujue mwenyewe yupo, hata kama yuko msibani Iguguno wiki nzima. Hakuna anayeligusa. Pasipo na tenga, ni pa yeyote. Niliwahi kuugua mwezi mzima, niliporudi nikakuta wenzangu wameliwekea langu jiwe juu lisipeperuke.

Basi akaletwa bwana afya mpya, mtu wa mbali huko, viatu unajitazama humo. Kulikuwa na mgeni mkubwa anatarajiwa, akataka soko lipendeze. Alfajiri akatuma vibarua, wakazoa matenga yote, wakayarundika getini kama takataka. Ubaya sidhani kama alikuwa nao. Yeye aliona matenga matupu. Habari za kutuhamisha tulikuwa tumezungumza na watu wa halmashauri miezi mingi, tukanung'unika, tukanywa chai, tukaagana. Ila asubuhi ile tulipokuta ardhi nyeupe, tukajua tumefukuzwa.

Watu huuliza fujo zinaanzaje. Hii ilianza pale mama mmoja muuza mayai alipomfuata bwana afya akamwuliza, taratibu kabisa, "Sasa sisi umetuzika wapi?"

Naye akacheka.

Nyanya zikaruka. Na mimi nilirusha, nisikudanganye, moja tu, tena iliyooza, ikampata muuza mitumba asiyehusika. Baada ya nyanya yakaja mawe, kisha tairi likawashwa.

Polisi wakafika na ngao zao. Kundi moja likafunga njia ya juu, jingine njia ya chini, ndipo wakapiga mabomu ya machozi katikati. Kuku walikuwa wanapiga chafya kama watu. Ukikimbilia juu unarudishwa, ukikimbilia chini unarudishwa, na kila anayerudishwa anaokota jiwe, hata aliyekuja kununua vitunguu tu. Nikaikumbuka ile baiskeli.

Nikamwendea mkubwa wao wa njia ya chini, jogoo wangu kwapani. Akashusha ngao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe umewahi kuchunga?"

"Nimechunga sana, kwetu Ihanja."

"Hawa sasa unataka watokee wapi?"

Akasema ameambiwa afunge. Nikamwambia hata mwenye baiskeli alifunga, nikamsimulia harakaharaka, macho yote yananitoka maji. Akawatazama watu, akanyanyua mkono, askari wake wakajibanza pembeni na njia ikaonekana. Akaniomba nisimame palepale niwaambie watu watembee, maana yeye wasingemsikia. Nikasimama mpaka akatoka wa mwisho. Mawe yalikoma yenyewe. Aliyeumia zaidi alivunjika jino, na hilo lilikuwa linatikisika tangu zamani.

Alasiri mkubwa yule akamwambia bwana afya arudishe matenga, watu wakaingia wanagombania rundo. Mimi nilikuwa bado njia ya chini, nasifiwa. Sifa zinachelewesha. Nilipopata langu na kufika ukutani, nikakuta tenga la mtu, limepinduliwa. La yule jirani wa juani. Mwenyewe alikuwa kasimama pembeni, anajifanya kumtazama kuku wake mguu.

Mama wa mayai akaniambia, "Litoe, babu. Soko zima linajua hapo ni pako."

Nikainama. Mkono ulifika kabisa kwenye tenga. Halafu nikafikiria mabomu yote yale tuliyovuta tangu asubuhi, na kilichoyaleta.

"Limepinduliwa," nikamwambia.

Nikajitwisha langu, nikamkamata jogoo miguu, nikaenda kupanda gari la Mtinko. Sokoni pale sijakanyaga tena.