Mshambuliaji wa Mkopo

Wakati wa vita vya Kongo, sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nilimkuta meneja wa timu ya Lilongwe akitaka kumnunua mshambuliaji aliyekimbia kutoka Uvira. Kwa Kiswahili cha kuokoteza akauliza, "Timu yake ya zamani nitaipata wapi?"

Muuza nyanya akafuta mikono. "Mi njo président. Golikipa njo ule anashona manguo. Ekipe yote iko hapa."

"Zikomo," meneja akashukuru. "Bei gani?"

Muuza nyanya akatazama mbali, kama anauona uwanja wao wa Uvira kando ya ziwa. "Hatumuuzishe. Nakukopesha tu. Vita ikiisha tutarudia kwetu, nani atatufungia mabao?"

Wakapeana mikono.

Majuzi nilimwona mshambuliaji huyo mtaani Kawale, Lilongwe, nywele nyeupe. Nikamuuliza sasa ni wa timu gani.

"Ya Uvira," akasema. "Hapa niko wa mkopo."