Sindano ya Nyusi za Mamako

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu wivu wake haujanitoka mpaka leo. Usicheke. Umekuja hapa umenuna tangu asubuhi, ati mwenzako kazini kapewa mteja uliyemtaka wewe, na sasa unataka kuagiza katriji za sindano za kuchorea nyusi kama zile anazotumia yeye, zile zile, ili umwoneshe. Nimekusikia. Weka simu chini kwanza, hizo katriji hazitakimbia. Mimi ni mama yako mkubwa, nimezaliwa tumbo moja na mamako, na kijicho nakijua kuliko unavyokijua wewe.

Wakati huo nilikuwa binti wa Shella ya Malindi, na hina ya Shella nzima ilikuwa mkono wangu. Bibi harusi hakutolewa bila mimi. Nilichora maua yenye mistari myembamba hata wanawake wakaniuliza, "Rukia, wachorea nini, unywele?" Kwetu sisi wachoraji wa hina, mwenye mstari mwembamba ndiye fundi, na mwenye mstari mnene huchekwa mpaka jikoni. Basi Bi Tima aliponichukua saluni kwake anifundishe kuchora nyusi za kudumu, niliingia na maringo yangu yote. Bi Tima mwenyewe alifundishwa na mwanamke wa Kitaliano aliyekuwa akija Malindi kila msimu, na huyo ndiye aliyemletea mashine na katriji za kwanza ndani ya sanduku la nguo. Najua wapo mtaani wanaosema kazi hii haifai. Wasikilize, kisha uamue na roho yako. Mimi leo nazungumzia sindano.

Pale saluni nikamkuta Kadzo. Katoka Jilore, anacheka kwa sauti, anatafuna mabuyu mpaka midomo inakuwa myekundu, na hina hajawahi kuishika maishani mwake. Nikasema, huyu si wa kunitisha. Loo! Mkono wake ulikuwa mwepesi, mwanangu, mwepesi wa kuudhi. Mimi nilikuwa nachora vinywele, kimoja kimoja. Yeye alikuwa anatia kivuli, vitone vidogo vidogo vinavyotulia kwenye ngozi kama poda, na wateja wakijiona kwenye kioo wanamkumbatia. Wakaanza kuja wakiuliza, "Yule msichana anayecheka yupo?" Na mimi nimesimama pale pale na glavu zangu mkononi! Nilimwonea gere. Akifagia, naona anajionesha. Akinyamaza, naona ananisema moyoni.

Mamako siku hizo alikuwa ametoka kuugua, na nyusi zake zote zilikuwa zimepukutika. Tena alikuwa ameshaposwa. Kila asubuhi alijichora kwa wanja, na joto letu unalijua. Ikifika adhuhuri wanja umeshamtiririka mpaka mashavuni. Siku wakwe walipokuja kumwona alikaa na mtandio kaushusha mpaka machoni, asiinue uso hata alipoulizwa jina. Nilimwonea huruma, wallahi. Nikamwambia njoo saluni, nitakutengeneza mimi, uolewe uso uko juu. Akaja. Akavua buibui, akatazama huku na huku, akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Dada, usikasirike. Nilikuwa naomba anifanyie Kadzo."

We acha, mwanangu! Ndugu yangu! Niliyembeba mgongoni, niliyemsuka tangu ana vinywele viwili kichwani, leo anamtaka Kadzo! Nikamwambia, "Lala hapo. Kadzo ana kazi." Kadzo hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amekaa mlangoni na mabuyu yake.

Nikaenda kwenye droo. Katriji, vile vichwa vidogo vya plastiki vyenye sindano ndani, tulivipanga kwa idadi ya sindano: za sindano moja huku, za tatu pale, za tano, na zile bapa mwisho. Sikufikiri mara mbili. Nikachukua ya sindano moja, nyembamba kuliko zote, nikasema moyoni nitachora vinywele ambavyo Kadzo hataviweza mpaka anazikwa. Nikaipachika kwenye mashine. Uso wa mamako hata sikuwa nimeugusa. Macho yangu yalikuwa mlangoni, nihakikishe Kadzo anaona.

Nimeshachovya wino, mkono uko hewani, nikahisi vidole vimenishika kifundo cha mkono. Alikuwa Bi Tima. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa makelele.

"Rukia," akasema, "sindano hiyo umemchagulia nani? Huyu aliyelala hapa, au yule aliyekaa mlangoni?"

Nikaishusha mashine. Akachukua tishu, akaibandika kwenye paji la uso la mamako, akaibandua, akaniinulia kwenye taa. Ilikuwa imelowa mafuta, mwanga unapita.

"Ngozi ya mafuta hii, na mwenyewe anatoka jasho mchana kutwa," akasema. "Chora hivyo vinywele vyako. Mwanzo utasifiwa. Halafu wino utatanda, kinywele kishikane na kinywele, na mdogo wako abaki na madoa mawili ya kijivu usoni. Hina ukikosea inafifia, watu wanasahau. Hii atalala nayo, ataamka nayo. Ngozi hii inataka sindano tatu, na kivuli chepesi. Kivuli unakiweza?"

Sikukiweza. Bi Tima alikuwa amejaribu kunifundisha, mimi nikibenua mdomo, kwa kuwa kivuli kilikuwa cha Kadzo. Mamako alikuwa amelala pale, macho kayafumba, kashika pindo la gauni langu kama alivyokuwa akilishika utotoni tukienda sokoni. Nikaitoa ile katriji, nikaitupa kwenye kopo la sindano, nikamwita Kadzo. Jina lake lilinitoka kwa shida kama mwiba wa samaki.

Akaja. Akanawa mikono, akavaa glavu, akafungua pakiti ya sindano tatu mbele ya macho ya mamako. Na hakucheka! Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angalau angecheka ningepata la kumchukia. Mimi nikabaki kumvuta mamako ngozi kwa vidole ili itulie, nikitazama kila kitone, na kila kitone kilikuwa mahali pake, mtu asipate hata kimoja cha kukosoa.

Ndiyo, Nadia mwanangu. Nyusi za mamako unazowaambia wenzako ni kazi ya mama mkubwa, si kazi yangu. Mamako kanisitiri miaka yote hii. Siku ya harusi aliinua uso mbele ya wakwe zake akacheka, na mimi nilifurahi na nikaungua, vyote pamoja. Na zikianza kufifia unadhani humrudia nani? Mimi? Thubutu! Humrudia Kadzo, kwenye saluni yake ile yenye kiyoyozi uliyoisifu juzi mbele yangu bila haya. Kila Idi mamako hukaa mkabala na mimi tukila biriani, nikazitazama nyusi zile, kijiba cha roho kikanipanda upya. Nzuri mno. Mungu anisamehe.

Basi shika nasaha yangu. Sikuambii uache wivu, maana mimi mwenyewe umenishinda. Nakuambia ukienda kwenye droo, usiende nao. Gusa ngozi kwanza. Kama ni kavu na imara, chora vinywele vyako ujidai. Kama ni ya mafuta, tia kivuli. Ngozi ya mzee ni laini, hutoka damu upesi, usiivamie na sindano moja kali. Pakiti iwe imefungwa, tarehe yake haijapita, na uifungue mteja akiona. Sindano ikicheza ndani ya katriji, usiitumie. Hakikisha ina kile kizuizi cha ndani kinachozuia wino na damu visirudi kwenye mashine, na ukimaliza, tupa. Ya mtu mmoja haimgusi wa pili. Halafu, kabla hujawasha mashine, jiulize swali la Bi Tima, na ujijibu kweli.

Na huyo mwenzako, kesho kaa karibu naye umtazame mkono. Nuna ukitaka, lakini tazama. Kivuli nilijifunza kwa Kadzo, nikiwa nimenuna tangu mwanzo mpaka mwisho, na ndicho kilichonilea mpaka leo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi kuliko wangu, na kuliko wa Kadzo pia, hilo namwomba kila siku. Na aulinde kwa mkono wako uso wa kila atakayelala mbele yako akafumba macho kwa kukuamini. Amin.