Sakafu ya Duka, Yamumbi

Mimi ni mtu wa diploma moja tu, ya utalii, niliyoipata chuoni hapa Eldoret, na kwa diploma hiyo moja nimewatembeza watu katika mashamba ya mizabibu ya mabara matatu. Sikupelekwa na mjomba wala mbunge. Nilianza kwa kuosha glasi katika shamba moja karibu na Stellenbosch, kule Cape, nikawa mbeba masanduku, kisha dereva wa wageni. Siku moja kiongozi wa msafara akaugua, nikashika nafasi yake. Hakuipata tena. Baadaye wageni walikuwa wakiuliza kabla ya kulipa kama ni mimi nitakayewaongoza, iwe Cape, iwe Mendoza kule Ajentina, iwe bonde la Douro kule Ureno.

Watu hudhani kazi hiyo ni ya kunywa. Ni kazi ya kusimulia. Mgeni wa kawaida hawezi kutofautisha mvinyo wa mlima huu na wa mlima ule. Lakini mwambie ni nani aliyepanda, nani alifilisika, wanajeshi walilala wapi vita vilipopita hapo, na mvinyo uleule utamwingia mdomoni na ladha nyingine. Kule Douro kuna matuta ya mawe ambayo mizabibu yake iliuawa yote na mdudu, zamani sana, na hayakupandwa tena. Viongozi wavivu huyapita haraka. Mimi nilisimama hapo kila mara. Niliwaacha wageni wanyamaze kwanza, kisha nikafungua chupa bora kuliko zote za siku hiyo. Nimeona wanaume wazima wakifuta machozi kwa ajili ya mizabibu ya watu wasiowajua.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilinikuta Cape, mavuno yakikaribia. Wazazi wangu walikuwa na duka na ekari mbili Yamumbi, nje kidogo ya Eldoret. Walikuja huku kutoka upande wa kati wa nchi wakiwa vijana, wakaendelea kuhesabiwa wageni, na mimi nilizaliwa papo hapo, chumba cha nyuma ya duka. Kwa siku kadhaa simu zao hazikushika. Moja iliposhika, mama alisema, "Tuko hai. Duka halipo." Nilirudi kwa wageni wangu nikaendelea nilipoachia, kwenye habari za mapipa. Sikukosea hata neno.

Baba alifia katika kambi ya waliofukuzwa makwao, ndani ya hema, kwa ugonjwa wa kifua, mvua ilipoanza. Tulimzika makaburi ya umma Nakuru, na mama akabaki huko kwa dada yangu.

Yaliyotokea siku ile alinieleza mara moja tu. Vijana walipofika na petroli, yeye na baba walikimbilia kwa jirani, mzee aliyekuwa akinywa chai kwetu kila Jumapili. Geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Walibisha. Kupitia upenyo walimwona amesimama uani, kofia mkononi. Hakufungua. Wakakatiza shambani, mahindi yalikuwa yameshavunwa, hakuna pa kujificha, mpaka wakafika kituo cha polisi.

"Sililii duka," mama aliniambia. "Mabati hununuliwa. Nataka huyo mzee aniambie kwa nini hakufungua. Bila hiyo siwezi kulala Yamumbi tena."

Nilirudi Kenya miaka kadhaa baadaye, na sikurudi kama wale wanaorudi na sanduku la nguo kuukuu. Nilinunua nyumba Elgon View, mtaa wa wenye pesa, kisha nikaanza kuzilima zile ekari mbili. Kila mtu alisema zabibu haziwezi kuzaa Eldoret. Zinazaa, ukijua ninachojua. Huku hakuna msimu wa theluji wa kuilaza mizabibu, kwa hiyo unailaza wewe: unaipukuta majani kwa mkono, unaikata, unaiacha kama imekufa, halafu inaamka. Nilipanda kila mahali isipokuwa juu ya sakafu ya saruji ya duka, ambayo moto ulishindwa kuila. Hiyo niliiacha wazi makusudi. Hatua chache kutoka hapo nikamjengea mama nyumba ya vyumba viwili, na jiko la kuni pembeni. Hakutaka hata kuja kuiona.

Yule mzee bado alikuwa jirani. Alikuwa akinitazama nikifunga nyaya za mizabibu, akiegemea ua.

"Kijana, kumbe ulienda ng'ambo kujifunza kunywa?"

"Nilijifunza kunywesha wengine nikilipwa, Mzee."

"Hiyo hata mama pima muuza chang'aa wa Kiplombe anaijua, na hajapanda ndege."

Nilicheka kwa sauti. Ni mtu wa maneno, ukimsikia huwezi kumchukia. Habari ya geti hatukuigusa.

Shamba lilipotoa mvinyo wa kwanza nikaandaa ziara, ya kwanza ya aina yake katika mji huu. Walikuja daktari wa meno, wakili na mkewe, na wafanyabiashara wa Elgon View, magari yao yamejaa njia nzima. Mzee nilimwalika pia. Na mama, nilipompigia simu kumwomba kwa mara ya kumi na ngapi sijui, alikubali. "Nitakuja, baba," alisema. Huniita baba kwa sababu nina jina la babake.

Nilimleta mwenyewe kutoka Nakuru. Mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi, baridi ile ya Julai. Nilimkalisha kwenye kiti nikampa glasi ya maji ya zabibu, kwa kuwa ameokoka na hanywi.

"Hii hailevyi?"

"Hailevyi, Mama."

"Haya. Nikianza kucheza mbele ya watu, utajibu wewe kanisani."

Sikuwa nimemwona akitania tangu baba azikwe. Alitembea nasi kati ya mistari akishika majani kwa vidole viwili, kama anayepima kitambaa. Mzee alifuata nyuma kabisa. Kituo cha mwisho kilikuwa sakafu ya duka.

Niliwapandisha wageni juu ya saruji. Nikawaacha wanyamaze. Kisha nikasimulia, na sijawahi kusimulia vizuri hivyo: kaunta ilipokuwa, harufu ya mafuta ya taa na mkate, petroli, mbio. Nikawaambia kwamba wazazi wangu walibisha geti na geti halikufunguliwa. Sikutaja la nani. Wakati huohuo nilikuwa nikiwamiminia ile chupa bora. Mke wa wakili alilia. Nilipomaliza, daktari wa meno alianza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

Makofi yalipotulia mzee alisogea mbele, kofia ameivua. Hakuwatazama wageni. Alimtazama mama.

"Mama," alisema, "lile geti. Siku ile ndani ya nyumba yangu kulikuwa na..."

"Mzee, ngoja." Mama aliinua mkono. "Usinieleze mbele ya watu wanaokunywa."

Daktari wa meno alicheka kidogo, nadhani alifikiri ni sehemu ya ziara. Mzee alisimama na kofia yake. Mama akawatazama wageni, glasi zao, viatu vyao.

"Shukeni hapo, tafadhali," alisema polepole. "Hapo nilikuwa napimia watu unga."

Walishuka mmoja mmoja. Mzee alirudi kwake bila kuaga.

Mama alitaka kurudishwa Nakuru jioni ileile. Tulipopita Burnt Forest mvua ilianza, na hapo ndipo aliposema.

"Kuna begi huko nyuma ya gari."

"Nililiona. Nilidhani umeniletea mboga."

"Ni nguo zangu. Nilikuwa nimekuja kukaa."

Nilipunguza mwendo. Nilimwambia nitageuza sasa hivi, mzee yupo, tutaenda kwake sisi watatu tu, bila mtu mwingine.

"Alikuwa ameanza, baba. Maneno kama hayo mtu huyaanza mara moja tu."

"Nimewaambia ukweli, Mama. Ulitaka usemwe."

"Nilitaka kuambiwa. Endesha gari."

Mpaka leo naamini nilifanya kazi yangu inavyopaswa kufanywa, na ziara ile ndiyo bora kuliko nyingine yoyote upande huu wa nchi. Wageni hutoka Kisumu na Nairobi kuja kuifuata. Niliwahi kwenda kwa mzee peke yangu. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari za mbolea, na nilipotaja geti akasema, "Ile nilikuwa nimwambie mamako." Mama hajakanyaga Yamumbi tena, na ameshamwambia dada yangu kwamba akifa yeye azikwe Nakuru, kando ya baba.

Nyumba ya vyumba viwili nimewapangisha mwalimu na mkewe. Siku za wageni huwaomba wasianike nguo upande wa shamba. Hata hivyo hakosekani mtu wa kuuliza, "Na hiyo nyumba je, ilijengewa nani?" Mimi, ambaye naweza kukueleza historia ya kila tuta la Douro, hunyoosha mkono upande wa pili na kuwaomba wageni wangu wasogee, tuendelee.