Niliandika neno moja kwenye mradi wa shule, sasa naogopa kumpa mama barua

Admin, usiweke jina langu tafadhali. Nina miaka kumi na sita, tunaishi Malvern, Johannesburg. Mimi si mtu wa kuongea, darasani hata nikijua jibu nainamisha kichwa. Shule nilianza kwa Kifaransa kule Bukavu, sasa ni Kiingereza, Kiswahili ni cha nyumbani, mnisamehe makosa.

Mwalimu wa historia alimpa kila mmoja jina la mtu wa kale tutafute ukoo wake. Mimi nikapata Hannah, mwanamke wa Marekani enzi za kutawaliwa na Waingereza. Wiki tatu nilikuwa kwenye kompyuta za maktaba nasoma madaftari ya kanisa. Kila mahali ameandikwa binti wa mwanamke fulani, mpaka nikakuta wosia wa huyo mwanamke mwenyewe: anamwachia kitanda na sufuria Hannah, mtoto wa marehemu dada yake. Nililia palepale. Maana mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka minne, na aliyenileta huku ni mdogo wake. Siku tunaomba karatasi za ukimbizi alinishika mkono kwenye foleni akaninong'oneza, "Hapa hakuna mama mdogo. Hapa kuna mama tu, umesikia?" Nikaandikwa mtoto wake wa kumzaa.

Basi mwisho wa mradi nikaandika kwamba Hannah namwelewa, kwani hata mimi nimelelewa na anti yangu. Kwa Kiswahili ningesema mama na usingekuwa uongo. Kiingereza kina neno lake, nikaliandika.

Mwalimu alifurahi, akaipeleka kazi yangu ofisini ibandikwe ukutani. Karani akaisoma, akafungua faili langu, akaniita. Akauliza kwa upole, "Kwenye faili una mama, hapa una anti. Ni yupi?" Nilitazama lile faili mpaka kengele ikalia. Akanipa barua: mama aje Jumatatu na karatasi zangu zote.

Leo siku ya tatu barua iko kwenye begi. Mama akitoka kwenye cherehani yake ananiuliza shule wanasemaje, najibu sharp tu, mama, yaani salama. Anacheka, "Huyu bubu wangu, mume wake atapumzika." Na mimi nacheka. Wiki ijayo tunakwenda kuongeza muda wa karatasi. Wakijua, si watamwambia alidanganya serikali? Na wadogo zangu wawili, aliowazaa yeye, je?

Nimewaza kumwambia karani niliongopa ili nipate maksi. Lakini hapo nitakuwa nimemkana aliyenizaa, na nikisema ukweli namchongea aliyenilea. Nishaurini jamani, nifanye nini kabla ya Jumatatu? Msinitukane, woga nilio nao unatosha.