Vikapu Vinane vya Mwanvua

Wifi yangu Mwanvua anauza vyakula kwa simu pale soko la Mwanga. Mimi nashona meza ya pili kutoka kwake, kwa hiyo hasira zake nazijua zote. Unampigia, anafungasha, bodaboda au boti inakuletea. Tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku anafungashia kwenye vikapu anavyosuka mwenyewe, na sharti lake ni moja tu: kikapu kirudi.

Basi mwezi ule vikapu vyote vinane vilipanda boti kwenda kwa wateja wa kijiji cha Mwamgongo. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Na mwalimu Winfrida wa Gungu alitaka apelekewe mizigo minane Ijumaa, yake na ya walimu wenzake. Wakiridhika, wangeagiza kila wiki.

"Wameniibia!" Mwanvua akafoka. "Watu niliowachagulia nyanya moja moja!"

Nikamwambia atie kwenye rambo, zinauzwa kwa kujificha, nani atajua? Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Zimekatazwa, wifi. Na zikitupwa zinaishia ziwani, tunakochota maji. Nikikosa vikapu, sipeleki."

Akageuka, akafuta machozi. Roho iliniuma, maana kazi ile aliitamani kweli.

Ijumaa asubuhi Gervasi, mwenye boti, akaja sokoni na mkokoteni. Vikapu vyote vinane, vimejaa dagaa wakavu mpaka wanamwagika!

"Wanaomba radhi, mama," akasema. "Mbalamwezi ilikuwa kali, taa hazivuti dagaa, wavuvi hawakutoka. Nani angekurudishia kikapu kitupu?"

Lo! Na Mwanvua mwenyewe hajawahi kurudisha bakuli la jirani tupu tangu nimjue.

"Nami nimewaita wezi!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Halafu tukashtuka: vikapu tumepata, lakini vimejaa! Nikavua kanga yangu, nikaitandika, tukamwaga dagaa wote hapo. Saa nne walimu walikuwa na mizigo yao, na juu ya kila mzigo fungu la dagaa ndani ya jani la mgomba. Walifurahi, wakaagiza tena kwa Ijumaa ya pili.

Alhamisi ikafika, hakuna kikapu hata kimoja kilichorudi. Mwanvua akampigia Winfrida.

"Shikamoo mama," mwalimu akaanza kujitetea. "Nivumilie kidogo tu, ndizi zangu bado hazijaiva."

Siku hiyohiyo Mwanvua akaanza kusuka vikapu vingine vinane.