Kitabu cha Chanjo cha Kuazima

Nakumbuka siku moja ambayo ningeshukuru kuisahau, lakini wewe Neema hutaki niisahau. Jana umekuja hapa kwangu Murara na paka wako kwenye kikapu, safari yako ya Ubelgiji imebaki wiki tatu, ukaniomba mimi mjomba wako kitabu cha chanjo cha paka wangu. "Tonton, paka ni paka tu." Mwanangu, maneno kama hayo, ila ya mbwa, niliyasema mimi kabla hujazaliwa. Nilitamani nikupige kofi, halafu nikatamani nijipige mwenyewe.

Yaya Kavira, dada yetu mkubwa, alifiwa na mumewe, na mwanawe akamwita Ubelgiji akakae naye. Nyumba aliuza, vyombo aligawa. Kitu kimoja tu alikataa kukiacha: Bobi, mbwa wa rangi ya majivu aliyekuwa akimsindikiza marehemu shambani Munigi. Kazi ya karatasi za Bobi alinipa mimi, miezi sita kabla ya safari. Miezi sita, sikia vizuri!

Daktari wa mifugo alinieleza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nachezea simu. "Kijana, unaanza na puce chini ya ngozi, ile kidude ya namba. Kisha njo tunadunga chanjo ya kichaa. Ukipindua, chanjo haihesabike. Mwezi moja ikipita tunatosha damu, inaenda ku laboratoire kuona kama chanjo ilishika, na unangoya tena miezi tatu. Karatasi ya serikali inakuya ya mwisho, siku kidogo mbele ya safari." Nikajibu "ndiyo docteur", nikaenda zangu kunywa.

Unajua tulivyo watu wa Goma. Mtu amezoea kuvuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa kibali cha jirani, basi anadhani dunia nzima ni bariyeri moja. Kila wiki nilisema bado kuna wakati. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila lililoumia halikuwa langu. Mwezi mmoja kabla ya safari nilikwenda kwa jirani yetu, Papa Safari, ambaye mbwa wake alikamilishiwa karatasi zote halafu safari yao ikafa. Nikaazima kitabu chake. Yaya sikumwambia.

Siku ya safari, kule Kigali, kwenye uwanja wa ndege, muzee mmoja mkaguzi alipitisha kimashine cha kusoma puce shingoni kwa Bobi, mabegani, hata tumboni. Kimashine hakikulia. Akafungua kitabu, akasoma: mbwa mweusi. Akamtazama Bobi, akanitazama mimi.

"Iyi namba ni ya imbwa ingine. Sasa ulidanganya nani, mimi ao uyu mama?"

Yaya hakunitukana. Afadhali angenitukana mbele ya watu wote wale! Alifungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakitandika ndani ya kizimba cha Bobi, akaenda kupanda ndege peke yake.

Bobi aliishi kwangu miaka minne. Kila gari liliposimama nje, aliinuka, akaenda getini, akanusa, akarudi kulala juu ya kitenge kile. Yaya alipopiga simu, kabla hata ya salamu aliuliza, "Amekula?" Nikajibu amekula, mpaka siku ambayo sikuweza kujibu hivyo.

Kwa hiyo hapana, kitabu sikupi, na usininunie. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Sogeza safari, au mwache paka hapa urudi umchukue karatasi zikitimia. Anza na puce, kisha chanjo, kisha damu, kisha ungoje, hata ukichoka. Anayekutegemea hana mdomo wa kujitetea kwenye bariyeri. Usimtafutie njia ya mkato, maana ukishindwa wewe, anayebaki getini ni yeye.

Haya, beba kikapu twende kwa daktari, na hiyo simu iache mezani. Mungu akufikishe salama, wewe na mnyama wako, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe na namba yake mwenyewe.